Jiwe la Awino

Mwanangu, kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani hata baada ya meno kunitoka mdomoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha Okumu, fundi wa baiskeli pale Rodi Kopany, natafuna muwa. Okumu akaondoa spana mdomoni, akatazama huku na huku kama mtu anayeuza pombe ya chang'aa, akaniambia kwamba Waamerika hawana mababu.

"Hawana kabisa?"

"Kabisa, omera, ndugu yangu. Ile nchi ni mpya. Ilifunguliwa juzi tu kama duka. Wenyewe walitokea wakiwa wakubwa tayari, na suti. Sasa wamechoka kuishi bila mababu, ndiyo wanatuma watu huku kuchukua wetu. Ukimtajia majina ya wazee wako, yanaingia kwenye mkoba wake. Wazee wako wanapanda meli pale Homa Bay, kesho wako Kisumu, keshokutwa wako Amerika wanaitwa Johni."

Wewe unacheka. Mimi sikucheka. Niliamini neno hilo kama ninavyoamini mvua hutoka juu. Na sikuwa mtoto! Nilikuwa mwanamume mwenye mke, nauza mafuta ya taa mchana, jioni nasoma kwenye shule ya watu wazima ya misheni, na nilikuwa na ndevu za kufagilia soko zima la Rodi mpaka mavumbi yaishe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nililiona linakuja kwa macho yangu, tena likiendesha Landrova.

Lilikuwa ni mwalimu wetu mpya kutoka Amerika, Mwalimu Leona. Mtu hakujua amweke wapi. Mzungu hakuwa, maana uso wake ulikuwa wa rangi ya chungu kilichopikwa vizuri. Mhindi hakuwa pia. Nywele nyeusi zilimshuka mgongoni, ndefu kiasi kwamba, nasema bila kuongeza chumvi, angeweza kufunga nazo fahali wawili na zikabaki. Kiswahili alikisema kama kitabu kinavyosema, kwa utulivu, na kila mahali alikwenda na mkoba wa ngozi begani. Okumu hakuwa na haja ya kunieleza zaidi kuhusu mkoba.

Utaniuliza, hofu yote ile ya nini? Sikiliza. Kwetu, mtoto akizaliwa akawa analia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina la yule anayemtaka mtoto likitajwa, hunyamaza. Na mke wangu Atieno wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Sasa wazee wangu wote wakishapanda meli, mwanangu atanyamazishwa na nani? Na Okumu?

Basi jioni moja Mwalimu Leona akatuambia tuwaulize wazee nyumbani majina ya waliotuzaa, mpaka pale ujuzi wao unapoishia, kisha tuje tuyaseme darasani. Nilihisi ndevu zikisimama. Zamu yangu ilipofika nikainuka, nikakohoa kama karani wa baraza, nikasema:

"Mimi ni Odera, mwana wa Rateng', mwana wa Silwal, mwana wa Rachar, mwana wa Rabuor."

Ukijua Kijaluo umeshaanguka kwenye kiti. Usipokijua, nitakwambia: hao walikuwa ng'ombe wanne wa plau wa nyumbani kwetu. Mweusi, Mwekundu, Mweupe na wa Rangi ya Simba. Darasa lote likashikwa na kikohozi. Mzee mmoja muuza kamba alitoka nje akaegemea ukuta. Mwalimu peke yake hakujua. Alinisikiliza kwa heshima, akarudia yale majina taratibu mpaka akayashika kwa moyo: Rateng', Silwal, Rachar, Rabuor. Nikakaa chini nimefurahi. Wapande meli wao!

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilikuwa fupi zaidi kwa sababu ilikuwa na gari. Muuza kamba alirudi ndani akifuta machozi, akasema, "Mwalimu, huyu umuulizie kwa bibi yake huko Magunga. Watu wake walihamishwa kutoka bonde la Lambwe wakati wa mkoloni."

Mwalimu Leona akaweka chaki chini. "Walihamishwa kwa nguvu?"

"Kwa askari," alisema muuza kamba.

Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemdanganya. "Odera, Jumapili nitakupeleka nyumbani, unijulishe kwa bibi yako."

Ningesema nini? Nilikuwa pia na gunia la chumvi la kupeleka nyumbani, na gari lilikuwa la bure. Mtu huamini uvumi, lakini huamini zaidi usafiri.

Ngoja nikueleze habari ya bibi yangu, mama yake baba, ambaye sisi twamwita Dani. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Yeye na watu wake walikuwa na boma chini bondeni, Lambwe. Bonde lile lilikuwa na mbung'o, yule inzi wa ugonjwa wa malale, na serikali ya mkoloni ikaamua watu watoke. Hakuna aliyeulizwa. Dani alitoka na mtoto mgongoni, ambaye ndiye baba yangu, na chungu kichwani. Wakaja Magunga kuanza upya, na kule nyuma nyumba zikaanguka, zikabaki gunda, yaani boma lililohamwa.

Miaka ile baada ya Uhuru ikasikika kwamba sehemu ya bonde itafungwa, iwe ya wanyama wa porini. Tangu siku hiyo Dani hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka afike kwenye gunda lake mara moja tu, asimame pale, anionyeshe mimi, maana ndiye niliyekuwa nimebaki wa kuonyeshwa. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na porini kulikuwa na nyati. Aliniambia kila nilipokwenda nyumbani, "Nikifa kabla, watoto wako utawaambia wametoka wapi? Rodi Kopany? Rodi ni mahali pa kununua viatu!" Nami nilijibu, "Tutakwenda, Dani," kama vijana wanavyojibu.

Jumapili tukafika. Tulimkuta kando ya jikoni anasaga wimbi, jiwe kubwa mbele yake na jiwe dogo mkononi. Dani alisagia mkono wa kushoto. Kula alikula kwa kulia, kulima alilima kwa kulia, lakini kusaga, kushoto. Nililiona tangu utotoni na sikuuliza hata siku moja, kama usivyouliza kwa nini jogoo wenu anachechemea.

Mwalimu Leona akapiga magoti, akampa mikono miwili. Kisha, kwa heshima kubwa, bila kuningoja mimi mkalimani, akaanza: "Nimefurahi kufika katika nyumba ya Rateng', mwana wa Silwal, mwana wa Rachar, mwana wa Rabuor."

Jiwe dogo likasimama mkononi mwa Dani.

Dani akaniangalia. Akamwangalia mgeni. Akaniangalia tena, akasema kwa Kijaluo, polepole, "Odera. Huyo Rachar si yule wa mahari ya shangazi yako, aliyekufa kwa kula gunia?"

"Bibi anasema nini?" akauliza Mwalimu.

"Anasema karibu chai," nikatafsiri.

"Si chai!" akafoka Dani, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ngombe! Mwalimu, hii yote ngombe!"

Mwalimu alichelewa kidogo kuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake safi, na Dani akacheka kwa kumwona yeye anacheka, nami nikasimama katikati yao kama mwizi aliyeshikwa na yai mfukoni. Lakini Dani alipomaliza kucheka hakuwa ameniachilia. "Sasa mwambie kwa nini."

Nikasema yote. Suti, meli, Johni, mkoba. Nilitazamia watacheka tena. Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu Leona alifuta uso, akasema, "Basi nitaanza mimi." Na akaanza.

"Mimi ni Leona, binti wa Clara, binti wa Nancy, binti wa Martha." Akaendelea mpaka akafika kwa mwanamke ambaye jina lake halikuwa la Kizungu hata kidogo, jina la lugha yao wenyewe, lenye sauti laini kama maji kwenye mtungi. Mwalimu alikuwa Mcherokee. Watu wake walikuwako Amerika kabla meli yoyote ya Mzungu haijafika. Wana koo saba, na yeye ni wa ukoo wa Mbwa-mwitu, kwa sababu mama yake ni wa ukoo huo.

Nilipotafsiri hapo, Dani akainua mkono. "Mtoto anafuata ukoo wa mama?"

"Wa mama," akasema Mwalimu.

"Si wa baba?"

"Wa mama."

Dani akavuta kigoda chake karibu. "Hapo sasa! Odera, tafsiri tena hiyo. Polepole. Na ukifika nyumbani umtafsirie Atieno."

Kisha Mwalimu akaeleza habari ya bibi wa bibi yake, ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo. Waliishi milimani, na mashamba ya mahindi na maharage. Wazungu waliitaka ardhi ile, na serikali yao ikaamua kwamba Wacherokee watoke wote, waende mbali magharibi. Askari walikuja na bunduki hadi mlangoni.

"Walikuwa wakifanya nini, wakati askari walipokuja?" aliuliza Dani.

"Walikuwa wanakula."

"Waliruhusiwa kumaliza?"

"Hapana."

"Na moto?"

Mwalimu akafikiri. "Moto uliachwa unawaka. Bibi yangu husema hivyo kila mara. Kwamba moto uliachwa unawaka."

"Wangu pia," akasema Dani.

Mwanangu, mimi nimekaa mbele ya wahubiri waliokunja ngumi na kulia machozi, lakini sijapata kuona kitu kama kile. Wanawake wawili, mmoja wa Magunga na mwingine wa ng'ambo ya bahari mbili, wakiutazama moto mmoja. Nilitafsiri yaliyobaki kwa sauti ndogo. Wacherokee walifungiwa kwenye maboma ya magogo, kisha wakatembezwa safari ndefu katika baridi ya kugandisha mito. Maelfu walikufa, watoto na wazee mbele, wakazikwa kando ya njia, na wenzao wakalazimika kuendelea. Yule msichana alifika. Na kwa kuwa alifika mikono mitupu, alichowapa wanawe ni majina, mama kwa binti, mama kwa binti, mpaka yakafika kwenye vumbi la uwanja wetu.

"Mliwahi kurudi?" aliuliza Dani, baada ya kumweleza habari ya bonde lake linalotaka kufungwa.

"Nilikwenda na bibi yangu kutafuta mahali penyewe. Tulipapata. Sasa ni shamba la mtu, na limezungushwa waya. Tulisimama nje. Bibi alitaja majina akiwa ameshika waya." Akamgeukia bibi yangu. "Dani, wewe waya wako bado haujawekwa. Wiki ijayo nitakuja na gari."

"Wiki ijayo?" Dani alikwisha simama, yale magoti yaliyokwisha! "Na hili hapa limekufa?"

Tukaenda siku ileile. Dani alikaa mbele amevaa kitambaa chake cha kanisani, anaamrisha kama dereva wa meli. Nyasi zilipanda mpaka kwenye vioo. Mbung'o waliingia garini wakatuuma, kila mmoja mkubwa kama njiwa, au karibu. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye ule mkoba, ulioning'inia kwenye bega la Mwalimu. Naam, hata baada ya yote yale! Uvumi ukiingia kichwani hautoki kwa mlango ulioingilia.

Bondeni tukakuta safu za minyaa, ile miti ya utomvu mweupe ambayo wazee walipanda kuwa ua wa boma. Lakini zilikuwa safu nyingi, za maboma mengi, na zote zimefanana. Mimi nikaruka nje, nikasimama kwenye ya kwanza, nikatangaza, "Ni hapa! Damu yangu inanambia!"

Dani hakushuka hata garini. "Damu yako inakudanganya. Hapo ni kwa wale waliokuwa wakituibia kuku."

La pili si lenyewe. La tatu Dani alisita, akashuka, akatembea akiwa ameshika mkono wa Mwalimu, huku akiutazama mlima uko upande gani. Akasema labda. Jua lilikuwa linaanza kushuka, na nilimwona usoni kwamba anaogopa. Hakuwaogopa nyati. Aliogopa kurudi nyumbani na "labda".

Halafu mguu wangu ukajikwaa. Nilitukana, Mungu anisamehe. Lilikuwa jiwe kubwa bapa, limefukiwa nusu na nyasi, limelala kifudifudi.

"Ligeuzeni," akasema Dani.

Mimi na Mwalimu Leona tukalishika, tukalipindua. Upande wa chini lilikuwa jiwe la kusagia, limechimbika kwa miaka ya kusaga. Nimeona mawe mengi ya kusagia, na yote shimo lake liko katikati. La hili lilikwenda upande, limeinama kushoto kama mtu anayesikiliza siri.

Dani akapiga magoti. Akaokota kokoto, akaliweka katika lile shimo kwa mkono wa kushoto, akalisukuma mara moja mbele, mara moja nyuma. Mkono ukapita kama umetiwa mafuta.

"Awino," akasema. "Mama mkwe, nimefika."

Hapo ndipo akatueleza. Awino, mama wa babu yangu, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alisaga kwenye jiwe lile maisha yake yote mpaka likafuata mkono wake. Dani alipoletwa pale kama bibi arusi, jiwe lilimkataa. Akisaga kwa kulia, unga ulimwagika, na Awino alikaa pale akicheka na kusema, "Jiwe haliolewi, wewe ndiye uliyeolewa." Dani alilia, kisha akajifunza kushoto. Siku askari walipokuja, jiwe lilikuwa zito kubeba. Akaligeuza kifudifudi, asije mgeni akasagia juu ya mkono wa mama mkwe wake. Na yale mawe yote aliyosagia Magunga tangu hapo, alisaga kwa mkono wa Awino.

Nami nilikuwa nimeuona mkono ule miaka yote, mwanangu, na nilidhani ni mazoea tu.

Dani akasimama wima, akataja majina. Yangu, ya kweli, sio ya plau. Baba yangu, babu, baba wa babu, akaenda nayo mpaka kwa yule aliyevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka upande wa Uganda, akikimbia vita vya wakubwa. Kumbe hata huko mwanzo tulikuwa watu wa kufukuzwa! Na baada ya wanaume alifanya jambo ambalo sikuwahi kusikia mzee wetu akilifanya. Alitaja wanawake, Awino mbele, kisha mama mkwe wa Awino, kisha wa nyuma yake, akamtupia Mwalimu jicho la kusema, umeona? Mwalimu Leona alikuwa amesimama pembeni, mkoba chini, mikono imefumbatwa, midomo inamchezacheza.

"Tulipakie," Mwalimu akasema mwishowe. "Gari litalibeba."

Dani alifikiri. Akalipangusa udongo kwa kitambaa chake cha kanisani. "Hapana. Nikilibeba, hapa patabaki na nini cha kusema tulikuwepo?" Lakini hakutuacha tuligeuze tena. Alilitaka lilale chali, uso juu, na shimo lake la kushoto. "Mwanzo nililificha," akasema. "Sasa lionekane. Hata nyati wajue mtu alisaga hapa."

Na pale lilipo, kama mvua hazijalifukia, ndipo lilipo mpaka leo. Bonde lilifungwa kweli. Dani hakurudi tena, wala hakulalamika tena. Atieno alipojifungua, binti yetu alilia kilio cha kusikika mpaka kisiwani Rusinga. Dani akamtajia majina. Alipofika kwa Awino, mtoto akanyamaza ji! Atieno hushikilia kwamba ni kwa sababu ndipo alipopewa ziwa. Atasema hivyo mpaka kaburini. Wewe chagua wa kumwamini, lakini ukimwona dada yako Awino akikoroga uji, tazama mkono gani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mwacha asili ni mtumwa, hilo unalijua, limeandikwa hata kwenye kanga. Lakini asili haikai kwenye majina tu. Muulize bibi yako kwa nini anafanya anavyofanya: kwa nini anafunga mzigo vile, kwa nini anaanza kupanda kona ile ya shamba. Uliza angali na pumzi ya kukujibu. Akikuomba umpeleke mahali, mpeleke leo, usingoje wiki ijayo, kwa sababu waya hauchelewi. Na mgeni akikuuliza ulikotoka, usimpe ng'ombe. Muulize na yeye, maana huenda moto wake pia uliachwa ukiwaka.

Mungu akupe miguu ya kufika na midomo ya kutaja. Akupe watoto wasumbufu wa kuuliza. Na jina lako, siku itakapokuwa zamu yake, limnyamazishe mtoto mmoja anayelia.

Nimesahau mkoba? Sijausahau. Tulipokuwa tukirudi Magunga Mwalimu aliufungua, nami nikashikilia mlango tayari kuruka. Akatoa mandazi na chupa ya chai, akatugawia. Nikala. Lakini moyo wangu bado, basi nikamwinamia Dani sikioni, nikamuuliza kama wale wazee aliowataja mbele ya Mwamerika wataondoka sasa.

Dani alimeza andazi lake kwanza.

"Waende wapi, Odera? Nimewataja, na bado ninao. Na huyu ana wa kwake. Hakuna mtu asiye na bibi."